Refleksi ya Goti: Mwongozo Kamili wa Kuelewa na Kupima Jinsi Msuli Unavyohisi Kuvutwa

Mtu anayegongwa kwa kinyundo cha mpira chini ya pia ya goti huamini kwamba mguu wake umeruka kwa sababu goti limegongwa. Nimewafundisha wanafunzi wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na karibu kila darasa jipya huingia na imani hiyohiyo, kisha hutumia nguvu nyingi kuligonga goti pale linapokataa kujibu. Goti lenyewe halihusiki. Kinachojibu ni msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao umevutwa ghafla kwa kiasi kidogo mno pale kinyundo kilipoibonyeza kano yake, na ambao umeamriwa na ugwe wa mgongo (mkanda wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo) ujikaze kabla mwenye mguu hajapata habari. Anayelishika jambo hili, kwamba kinachopimwa ni kuvutika kwa msuli, huacha kutumia nguvu na huanza kutumia macho na vidole.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwanafunzi wa tiba, uuguzi au fiziotherapia, na pia kwa ndugu anayemuuguza mtu aliyepata kiharusi nyumbani, ambaye sehemu ya mwisho itamfaa zaidi. Vifaa ni vichache: kinyundo cha mpira, kitanda au meza ambayo mtu akikaa miguu haigusi sakafu, kanga au shuka ya kumsitiri, na mwenzako aliye tayari kupimwa.

Hatua ya kwanza: jihisi mwenyewe kabla ya kumgusa mtu

Panda daladala iliyojaa, usimame ukiwa umeshika bomba la juu kwa mkono mmoja, kisha uelekeze mawazo yako kwenye vigimbi. Dereva akifunga breki, mwili huenda mbele, vifundo vya miguu hukunjwa, na misuli ya vigimbi huvutwa. Utaihisi ikikaza hapohapo, bila wewe kuiagiza. Dereva akiondoa gari kwa kishindo, mwili hurudi nyuma, na sasa huwa ni zamu ya misuli ya mbele ya goko. Safari moja ya kutoka Mbagala hadi Kariakoo inatosha kukupa mazoezi ya kutwa nzima.

Jibu la namna hii, lisilongoja kuagizwa, ndilo huitwa refleksi. Ni vyema kusema mapema kwamba refleksi fupi ya ugwe wa mgongo haitoshi peke yake kukuzuia usimwangukie abiria wa mbele. Jibu lake ni la haraka lakini ni dogo. Kazi kubwa zaidi ya kukusimamisha hufanywa na majibu yanayochelewa kidogo, ambayo hupitia shina la ubongo na ubongo wenyewe. Hata hivyo, hili la kwanza ndilo tunaloweza kulipima kwa kinyundo, na ndilo linalotueleza mengi kuhusu afya ya njia nzima.

Hatua ya pili: ifuate njia ya habari kutoka msulini na kurudi

Ndani ya msuli, katikati ya nyuzi za kawaida zinazofanya kazi ya kuvuta, kumelala vihisi vidogo vyenye urefu wa milimita chache, vilivyo vinene katikati na vyembamba kwenye ncha zote mbili, mfano wa muhogo mdogo. Vihisi hivi huitwa spindeli za msuli. Vimelala sambamba na nyuzi za kawaida, kwa hiyo msuli ukirefuka navyo hurefuka, na msuli ukijikunja navyo hulegea. Sehemu yake ya katikati imezungukwa na ncha ya neva nene ya kuhisi, iliyojisokota kama uzi kwenye kibiringo. Katikati hiyo ikivutwa, neva hupeleka mfululizo wa ishara za umeme kuelekea mgongoni, na ishara huwa nyingi zaidi kadiri mvuto unavyokuwa mkubwa, na hasa kadiri unavyokuwa wa ghafla. Zingatia neno hilo la mwisho, kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye mkono uliokaza: neva hii husikia kasi kuliko inavyosikia urefu. Iko nyingine, nyembamba kidogo, ambayo kazi yake kubwa ni kueleza msuli una urefu gani kwa wakati huo.

Ishara huingia kwenye ugwe wa mgongo kwa upande wa nyuma, na hapo hukutana moja kwa moja na niuroni endeshi, yaani seli ya neva inayouamuru msuli, ya msuli uleule ulioleta habari. Hapana msuluhishi kati yao. Ni sinapsi moja tu, yaani kiungo kimoja ambapo neva moja huipokeza nyingine ishara. Niuroni endeshi hutuma amri kupitia upande wa mbele, na msuli hujikaza. Kwa goti, mkutano huu hufanyika katika vipande vya ugwe vinavyohudumia neva za kiuno za pili hadi ya nne, hasa ya tatu na ya nne.

Unaweza kuikadiria safari hii kwa hesabu ya kawaida. Kutoka katikati ya paja hadi kwenye ugwe ni kama nusu mita, kwenda na kurudi ni mita moja. Ishara ikisafiri kwa mita 60 kwa sekunde, itatumia takriban milisekunde 17 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na ukiongeza milisekunde moja au mbili za kuvuka sinapsi na kuingia msulini, unapata karibu milisekunde 20. Mtu aliyeambiwa ainue mguu mara tu atakapoguswa huhitaji milisekunde 150 hivi. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi kwamba mguu haukungoja ruhusa ya ubongo.

Haya hayakujulikana kwa siku moja. Mwaka 1875 madaktari wawili Wajerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kwa upande wake, waliandika kuhusu kuruka kwa mguu unapogongwa chini ya goti. Erb alisema ni refleksi inayopitia mgongoni. Westphal alidhani msuli unajibu wenyewe kwa kuwa umetikiswa. Mwaka 1924 Edward Liddell na Charles Sherrington wa Uingereza walionyesha kwamba msuli unaovutwa hujikaza tu ikiwa neva zake na ugwe wa mgongo ni vizima. Kwa hiyo mwanafunzi anayeingia darasani akidhani kipigo ndicho kinachorusha mguu hana haja ya kuona haya, kwani yuko karibu na Westphal.

Jambo jingine hutokea wakati huohuo. Ishara ileile inayoukaza msuli wa mbele ya paja hupitia niuroni fupi ya kati na kuinyamazisha misuli ya nyuma ya paja, ili isivutane na wenzake. Bila mpango huo mguu ungekuwa kama kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa.

Hatua ya tatu: elewa kwamba kihisi nacho hurekebishwa

Wanafunzi wengi huchoka wakifika hapa, nami huwaomba wasichoke. Kama spindeli hulegea msuli unapojikunja, basi ingekuwa bubu kila tunapofanya kazi. Haiwi bubu kwa sababu ndani yake kuna nyuzi ndogo za msuli zenye niuroni endeshi zake, zinazoitwa gama, tofauti na zile kubwa za alfa zinazoendesha msuli wenyewe. Ubongo unapoagiza msuli ujikunje, kwa kawaida huziamsha zote mbili pamoja. Alfa hukunja msuli, gama hukaza ncha za spindeli, na katikati ya spindeli hubaki imetanda, tayari kusikia badiliko lolote.

Mfano ninaoupenda ni wa sokoni. Umesimama Kariakoo ukiwa umekunja kiwiko na kushika kikapu, muuzaji anakuongezea viazi. Kila kiazi kinapotua, mkono hushuka kidogo, msuli wa mbele ya mkono huvutika, spindeli iliyokuwa imetanda husikia, na msuli hujikaza kufidia. Ukimtazama muuzaji usoni badala ya kukitazama kikapu, bado mkono hautadondoka. Sasa mwombe muuzaji aondoe viazi vyote kwa mkupuo bila kukutahadharisha. Mkono utapanda juu wenyewe, kwa kuwa nguvu iliyokuwa imewekwa haijapata muda wa kupunguzwa.

Kwenye kano kuna kihisi cha pili, kinachobeba jina la Camillo Golgi wa Italia. Hiki hakikulala sambamba na nyuzi za msuli bali kimeunganishwa mwishoni mwake, na kwa hiyo hupima nguvu ya mvuto, si urefu. Vitabu vya zamani vilikieleza kama breki ya dharura inayouzuia msuli usichanike. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa kihisi hiki hujibu hata nguvu ndogo sana za kila siku. Ni afadhali kukifikiria kama mizani inayosomwa muda wote.

Hatua ya nne: pima goti

Anza na adabu, kwa sababu msuli wa mtu mwenye wasiwasi hausemi kweli. Msalimie mzee shikamoo, jitambulishe, mweleze kwamba utamgonga taratibu na haitauma, kisha umwombe ruhusa. Mama aliyevaa gauni refu au buibui hana sababu ya kuvuliwa. Mfunike kwa kanga, acha goti wazi ikiwa ameridhia, na paja ulihisi kwa kiganja juu ya kitambaa.

Mketishe ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Tafuta pia ya goti kwa kidole, ushuke chini yake hadi upate kishimo laini, na chini zaidi upate kinundu kigumu cha mfupa wa goko. Kano iko katikati ya hivyo viwili. Ibonyeze kwa kidole na umwombe anyooshe mguu kidogo. Kano itakaza chini ya kidole chako, na hapo hutakosea. Mwambie aulegeze tena mguu.

Weka kiganja cha mkono mmoja juu ya paja. Kwa mkono mwingine shika kinyundo karibu na mwisho wa mpini, ukilegeze kifundo cha mkono, na ukiache kinyundo kianguke kwa uzito wake kama mtu anayebisha hodi kwa watu anaowaheshimu. Usikibonyeze baada ya kutua. Usitazame wayo tu. Tazama na uhisi paja, kwa sababu mguu mzito wa mtu mnene unaweza usiruke ilhali msuli umejikaza vizuri chini ya kiganja chako. Kisha gonga upande wa pili kwa nguvu ileile. Kulinganisha kulia na kushoto kuna thamani kuliko kuhukumu upande mmoja.

Nilipokuwa mwanafunzi niligonga goti la mzee mmoja mara tatu, nikaandika kwamba hakuna jibu. Mwalimu alisogea, akahamisha kidole changu sentimita mbili chini, kwa kuwa nilikuwa nikigonga ncha ya pia yenyewe, kisha akamwambia mzee afungamanishe vidole vya mikono miwili kifuani na avute kama anayetaka kuvitenganisha. Nilipogonga tena, wayo wa mzee ulinipiga kwenye mkono. Mbinu hiyo ya kuvuta vidole ina jina la Ernő Jendrassik wa Hungaria, na hufanya kazi kwa kuufanya ugwe wa mgongo uwe mwepesi zaidi kujibu, pamoja na kuyahamisha mawazo ya anayepimwa. Mwagize avute wakati unapogonga, wala si muda mrefu kabla. Unapopima mikono, badala yake mwambie akaze meno.

Wako wanaokusaidia kupita kiasi, wakirusha mguu kabla kinyundo hakijafika. Usiwakemee. Muulize bwana huyo anaishabikia Simba au Yanga, na umgonge akiwa katikati ya maelezo.

Hatua ya tano: sehemu nyingine, kwa ufupi

Kwa kifundo cha mguu, kunja goti, geuza paja nje, usukume wayo kidogo juu ili kano ya kisigino itande, kisha gonga kano hiyo. Wayo utasukuma chini. Hapa unaipima neva ya kwanza ya nyonga. Kwa msuli wa mbele ya mkono, weka kidole gumba chako juu ya kano iliyo kwenye mkunjo wa kiwiko na ugonge kidole chako mwenyewe. Hizo ni neva za shingo za tano na sita. Kwa msuli wa nyuma ya mkono, uache mkono uning'inie na ugonge juu kidogo ya ncha ya kiwiko. Hiyo hasa ni ya saba.

Jibu huandikwa kwa namba: 0 likikosekana, 1 likiwa hafifu, 2 likiwa la kawaida, 3 likiwa kali, na 4 likiwa kali lenye mtetemo wa kujirudiarudia. Mtetemo huo, unaoitwa klonasi, hutafutwa kwa kuusukuma wayo juu kwa ghafla na kuushikilia hapo. Msuli wa kigimbi huvutwa, hujikaza, hulegea, huvutwa tena, na wayo hucheza mkononi mwako. Mapigo mawili yanaweza kuonekana kwa mtu mzima wa afya mwenye wasiwasi, ila mtetemo usiokoma ni ishara ya ugonjwa.

Hatua ya sita: soma jibu bila pupa

Namba 1 pande zote mbili kwa mtu asiye na lalamiko lolote si ugonjwa, na wala 3 pande zote mbili si ugonjwa. Wazee wengi hukosa refleksi ya kifundo na wanatembea vizuri. Kinachotakiwa kukusimamisha ni tofauti kati ya pande mbili, au badiliko kati ya jana na leo.

Refleksi ikitoweka, njia imekatika au imedhoofika mahali fulani kati ya spindeli, neva, ugwe na msuli. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva ndefu kwanza, ndiyo maana kifundo hunyamaza kabla ya goti. Diski, yaani kitakia kilicho kati ya pingili za mgongo, iliyochomoza kiunoni na kubana neva ya kwanza ya nyonga hunyamazisha kifundo cha upande mmoja tu.

Refleksi ikizidi ukali, njia yenyewe ni nzima lakini udhibiti kutoka juu umepotea. Kiharusi hufanya hivyo, ingawa siku za mwanzo kiungo huweza kuwa kimelegea. Nchini kwetu tuna mfano mwingine ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujua: konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla kwa watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, huku mlo wao ukiwa na protini kidogo. Mwaka 1985 ulizuka wilayani Tarime, mkoani Mara. Mgonjwa wake hutembea kwa miguu iliyokakamaa, na ukimgonga goti hurusha mguu kwa ukali, jambo linalomtofautisha mara moja na mtu aliyepooza kwa polio, ambaye goti lake halijibu.

Kuna mahali ambapo kinyundo hulinda uhai moja kwa moja, napo ni wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, dawa inayozuia degedege lakini ambayo ikizidi mwilini hudhoofisha misuli hadi ya kupumua. Refleksi ya goti hutoweka kabla pumzi haijafikiwa. Kwa hiyo muuguzi hulipima goti kabla ya kila dozi, pamoja na kuhesabu pumzi, ambazo zisipungue 16 kwa dakika, na kuangalia mkojo, ambao usipungue mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, dozi haitolewi, daktari huitwa, na kalsiamu glukoneti ambayo ni kiondoa sumu yake huwa tayari kando ya kitanda. Nimemwona muuguzi asiye na kinyundo akitumia ukingo wa kiganja chake, na jibu likaonekana bila shida.

Hatua ya saba: unapouguza nyumbani mkono au mguu uliokaza

Baada ya kiharusi, mkono mara nyingi hukunjwa kifuani na vidole hufumbwa. Ndugu mwenye haraka hukamata mkono huo asubuhi na kuunyoosha kwa nguvu ili auvalishe shati, nao hukaza zaidi. Mgonjwa hafanyi ukaidi. Spindeli husikia kasi kuliko urefu, na breki iliyokuwa ikitoka ubongoni haipo tena, kwa hiyo kila mvuto wa ghafla ni kama kugonga kinyundo.

Basi mketishe mgonjwa akiwa ameegemea vizuri, shika juu ya kiwiko kwa mkono mmoja na kifundo cha mkono kwa mwingine, na uunyooshe polepole huku ukihesabu hadi kumi kimoyomoyo. Ukifika mahali unapokataa, usisukume wala usirudishe. Subiri hapohapo, na mara nyingi baada ya muda mfupi utauhisi ukilegea. Endelea kidogo, kisha ushikilie kwa nusu dakika. Vidole vifunguliwe baada ya kukunja kifundo cha mkono kuelekea kiganjani, kwa sababu hapo kano zake hazijatanda. Shati avishwe kwanza upande ulioathirika.

Mama mmoja wa Temeke aliniambia kwamba mguu wa mumewe hutetemeka kila wanapopanda bajaji kwenda kliniki, na majirani walikuwa wameshampa maelezo ya kila aina. Nilikwenda kutazama. Bajaji ilikuwa na nafasi ndogo, goti lilikunjwa mno, ncha ya wayo ilikuwa imekanyaga sakafu na kisigino kiko hewani, na kila shimo la barabarani lilisukuma wayo juu. Ilikuwa klonasi. Tulimsogeza nyuma kwenye kiti, tukapeleka mguu mbele hadi kifundo kikaacha kukunjwa na wayo wote ukatulia sakafuni, na mtetemo ukakoma kabla dereva hajawasha injini.